Matofali Kumi na Saba

Naanza na jikoni kwangu, maana kesi iko huko.
Matofali kumi na saba, mekundu, mapana kuliko ya leo,
kila moja na herufi tatu zilizogongwa likingali bichi,
yameinua meko ya Rihana tangu mwaka wa mahindi ya manjano.

Sikuyanunua.
Niliyang'oa kwa patasi, usiku,
kwenye bohari ya baruti ya Keya, hapa Kibos, ng'ambo ya reli.
Haya sikuona. Ilikuwa ya nani?
Baraza lilisema ya reli, reli ikasema ya jeshi,
jeshi halikusema kitu.
Zablon Ogwang' alichukua mlango, akafungia kuku.
Dorsila alichukua mabati, mawili tu, anasema,
na mvua ikachukua yaliyobaki.
Mimi ni mwashi. Tofali zuri nalijua kwa kuligonga.

Mwaka jana mjukuu wangu Mastura
alirudi na daftari la hesabu limejaa mistari:
mitano, mitano, mitano, wa tano umelala juu ya wenzake.
Kainakili ndani ya bohari, usawa wa goti,
mahali mtu aliyeketi chini hufikia kwa msumari.
"Nimefika mia moja na kumi, Babu.
Halafu pana tundu. Tofali halipo."

Sikujibu.
Walipolala nilichukua kisu na maji ya moto,
nikakwangua masizi ya miaka arobaini.
La sita kutoka mlangoni:
mistari minne, imesimama.

Basi nililirudisha, na mengine nyuma yake, kwa toroli, mchana,
watu wakiona.
Hatukuwa na mwenyekiti wala fulana za kufanana.
Zablon alileta mlango, bado una mavi ya kuku.
Alfajiri moja tulikuta matofali tisa langoni,
yamepangwa vizuri, hayana mwenyewe.
Mkuyu uliojiotea ukutani hatukuung'oa,
ukiung'oa unaondoka na ukuta;
tuliukata, tukaupaka chumvi, tukaukata tena.
Chokaa tulitoa Koru. Saruji nilikataa:
saruji hubana, na ukuta wa kale hutaka kupumua.
Dorsila alizibua mfereji kwa jembe la palizi,
akasema mabati yalikuwa manne.

Barua kwa watu wa makumbusho ziliandikwa na Mastura.
Tatu hazikujibiwa. Kwenye ya nne alibandika picha ya ile mistari.
Akaja bwana mmoja na faili jembamba,
akauliza kiongozi wetu nani,
tukatazamana.

Nyangweso wa bodaboda alizima pikipiki:
"Yaani mnampigia mkoloni lipu?"
Swali la haki. Nilishuka ngazini kulijibu.
Babu yangu Rehan alikuwa askari, nikamwambia,
babu yake Zablon alikuwa mchukuzi.
Mmoja alibeba sanduku kichwani,
mwingine alitembea nyuma yake na bunduki.
Vijiji vyetu vimenyamaza juu ya safari hiyo,
tunaozeshana, tunazikana, tunanyamaza.
Ukuta huu uliwaona wote wawili.
Ukianguka, nani atabaki wa kutusuta?
Nyangweso hakusema amekubali.
Ila Jumamosi alileta mchanga, safari mbili,
na ya tatu akadai pesa ya mafuta.

Paa halijaisha. Upande wa mashariki ni turubai,
na wanunuzi wa vyuma chakavu hupita jioni, polepole,
wakihesabu bawaba kwa macho.
Tunalinda kwa zamu. Zamu yangu ni Jumanne.

Rihana sasa anapikia mawe matatu ya mtoni.
Upepo unaingia palipokuwa na meko, ugali unachelewa,
hajanilaumu hata siku moja.
Jana tu, akifuta mikono kwa leso, alisema:
"Ulirudisha kumi na saba.
Mimi nilihesabu kumi na nane."
Akanyosha kidole chini ya mtungi wa maji.

Liko pale, limelalia uso.
Sijaligeuza bado.