Mengineyo

Alhamisi. Chumba cha nyuma, Hoteli ya Mwangaza, Mbale,
mvua imeshaanza kuhesabu mabati.
Mwenyekiti, Bi. Jerida Kageha, aligonga kengele
saa kumi na moja kamili kwa saa yake,
ambayo sote twajua iko mbele dakika sita.
Sala iliombwa na Mwalimu Kegode, ndefu kuliko ajenda.
Tulikuwa saba. Akidi ni wanane.
Tukanywa chai tukimngoja wa nane,
kila mtu akijua ni nani.

Akaingia Mzee Amugune, matope hadi kifundoni,
akatoa hamsini kabla hajaulizwa,
akaitumbukiza kwenye kopo la faini
(la maziwa ya unga, kifuniko kimetobolewa kwa kisu),
akaketi karibu na mlango asije akachafua sakafu.
Adagala, mweka hazina, alisema
mzee huyu peke yake ametununulia mifuko miwili ya saruji.
Tulicheka. Niliandika: kicheko. Nikafuta.

Yatokanayo.
Miwani ya kusomea, jozi thelathini na nne,
iligawiwa Jumamosi kando ya soko.
Bibi mmoja alijaribu tisa, akachagua ya kumi
kwa sababu ya fremu nyekundu;
macho, alisema, atayazoesha.
Miche ya shuleni: mbuzi.
Sina la kuongeza.

Kisha Chemchemi ya Lugose,
fahari yetu, ngazi kumi na moja, mabomba mawili,
mawe tuliyoyabeba wenyewe kutoka mlimani
hadi mgongo wa Daktari Imali ukamkumbusha umri wake.
Kuhusu maji, dakika tatu.
Kuhusu kibao, dakika arobaini:
marumaru au bati,
jina la klabu juu au la mfadhili,
herufi za dhahabu au buluu,
na je, marehemu Sagala,
aliyeahidi mchanga akafa kabla ya kuuleta,
aandikwe?
Tulipiga kura. Marumaru. Buluu. Sagala aandikwe,
kwa kuwa ahadi ya marehemu haina mdai.

Mengineyo.
Hapa huwa nafunika kalamu.
Hapa huwa ni nauli, na nani kasahau mwavuli.
Lakini mlangoni palisimama mwanamke,
leso imelowa, mtungi wa manjano mkononi, mtupu.
Alijitaja: Vihenda, wa Lugose, nyumba ya pili kutoka majini.
Tukanyoosha migongo, tayari kushukuriwa.
Mwenyekiti hata aliweka sawa beji yake.

Akautua mtungi mezani, katikati ya vikombe.
"Huu ni lita ishirini," akasema.
"Bomba lenu liko chini kuliko mdomo wake. Hauingii.
Maji ni mazuri, asanteni.
Ila tulikuwa tunakinga kikombe kwa kikombe,
foleni mpaka giza,
hadi mzee huyo alipoanza kuja na jembe
kutuchimbia shimo pale chini.
Mvua hulifukia. Yeye hulifukua.
Leo pia amelifukua."

Hakuna aliyemtazama Amugune.
Amugune alitazama chai.
Ngazi tulizihesabu. Herufi tulikuwa tumezipima kwa rula.

Nilibaki na kalamu nisijue niandike chini ya kichwa gani.
Shukrani? Malalamiko? Ripoti ya mradi?
"Upimeni," akasema, akauacha mtungi, akatoka mvuani.

Imeazimiwa: fundi aitwe Jumatatu, bomba lipandishwe,
pesa za marumaru ndizo zitumike.
Kibao kingoje. Sagala naye ameshazoea kungoja.

Adagala alifungua kopo, akamrudishia mzee hamsini yake.
Mzee akaitumbukiza tena:
alikuwa amechelewa, alisema,
na hakuna aliyemtuma.

Mkutano ulifungwa saa moja na robo.
Mtungi nimeubeba mimi, kesho niupeleke.
Sasa uko hapa kando ya daftari, unanuka sabuni na moshi.
Nimeupima kwa rula ya Mwalimu, mara mbili, nisikosee:
sentimita thelathini na nane,
bila kifuniko.