Nyuzi

Zile za kwanza zilitolewa siku ya kumi na nne,
kumi na tisa, nyeusi, moja moja kwa koleo,
nami nikadhani ndiyo basi.
Sasa nahesabiwa nyuzi za namna nyingine.
Mbeyu alaza kipimo chake cha plastiki kando ya goti,
mkono mmoja wafuata paja, wa pili wafuata muundi.
"Kunja, Bi Zuwena. Kunja. Usizuie pumzi."
Sitini na nane.
Mwezi jana ilikuwa sabini na moja.
Hatusemezani juu ya hilo. Aandika kwa penseli.

Ni mara ya saba naja Makadara.
Nishajua benchi lipi lina msumari,
dirisha lipi la picha hufungwa kwa chai isiyokwisha.
Hapa hatuulizani majina, twaulizana viti.
Kijana wa Mtongwe, mbele: bega.
Mama wa Jomvu, nyuma, katikati, bila mkanda: nyonga,
na jambo jingine ambalo hulisema akiangalia ukuta.
Mimi mbele, kushoto. Mkanda ulinishika,
ukaniachia mshipi toka begani hadi kiunoni,
wa zambarau, kisha kijani, kisha manjano ya bizari.
Goti halikuwa na wa kulishika.

Kibarani, saa kumi na moja alfajiri,
lori la kontena limeegeshwa bila taa.
Hayo yako kwa polisi.
Yasiyoandikwa: tulikuwa twabishana kilo za mchele wa arusi,
na neno la mwisho lilikuwa langu.

Siku ya kwanza Mbeyu aliniuliza lengo langu.
Wengine husema ngazi. Wengine, kuchuchumaa chooni.
Mmoja alisema mpira wa Jumapili, akacheka, akalia.
Nikamwambia: nataka kukaa tahiyatu.
Miezi mitano naswali kwenye kiti,
nasujudu hewani, kipaji hakigusi kitu.
Mbeyu ni mtu wa Kaloleni, wa kanisani.
Alivua viatu, akapiga magoti palepale sakafuni.
"Hivi? Na huu mguu waulaza vipi?"
Akajipima mwenyewe. Mia na arubaini na mbili.
Akanyamaza.
"Ni mbali," akasema. "Sikusema hapafikiki."

Jana alipiga simu mtu wa bima.
Ana fomu, na mwisho wa fomu visanduku viwili:
Amepona. Hajapona.
"Chagua kimoja, mama, tufunge faili."
Nikamwambia, mwanangu, chora cha tatu.
Akauliza kiandikwe nini.
Nilikuwa bado natafuta neno simu ilipokatika.

Na Twalib?
Yeye ndiye aliyekuwa na usukani. Hakupata hata mchubuko.
Watu walisema alhamdulillahi, wakamgeukia mgonjwa.
Hana kadi, hana tarehe ya kurudi,
hana picha ya kuinuliwa kwenye mwanga.
Dereva wa miaka ishirini na miwili, leo hata tuktuk hapandi.
Mimi hubebwa, yeye hutembea
toka Makadara hadi Bondeni, na jua lile,
na usiku mguu wake wa kulia
hukanyaga breki ndani ya shuka.
Hukanyaga. Hukanyaga.
Naupandisha wangu juu yake, mzito wa vyuma,
mpaka utulie.

Leo Mbeyu alipofungua mlango kuita mwengine
nilikwenda barazani, nikamshika Twalib mkono, nikamleta.
"Huyu ana nini?"
"Hana kitu," nikasema. "Mpime."
Mbeyu akaitazama foleni. Akamtazama yeye,
kofia mkononi, anaikunja, anaikunjua.
Kile kipimo akakiweka kando,
akavuta kiti, akachukua penseli.

"Karibu, baba. Wewe ulikaa wapi?"