Penseli ya Mama

Pernik, Januari, theluji imelala juu ya lundo la makaa,
na kaka yangu Lyuben amefungua dirisha
makusudi.

"Funga!" mama anafoka kutoka jikoni.
"Siwezi. Inataka baridi."
Kompyuta ndiyo inayotaka baridi.
Sisi tumevaa makoti ndani ya nyumba yetu
ili kisanduku kilichovuliwa ubavu kipumue.

Prosesa aliinunua sokoni
kwa mtu aliyeuza pia betri na soksi,
ya bei ya chini kuliko zote pale mezani,
kipande kisichofika ukubwa wa biskuti,
kimeandikwa mgongoni: mia sita.
Megahezi mia sita, ndivyo kiwanda kilivyosema.
"Kiwanda kinajua zaidi ya kinachosema," akaninong'oneza.
"Huyu na wale wa bei mbaya wametoka tanuri moja,
tumbo moja, ziwa moja.
Wamembandika namba ndogo
kwa kuwa wenye pesa ndogo ni wengi."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilimwamini kabisa.
Mwalimu wa hesabu alishaniandika namba mgongoni mimi pia.

Kisha akaiba penseli ya mama,
ile laini, nyeusi tii,
aliyochorea ramani za mgodi, enzi mgodi ulipokuwa mgodi:
njia za chini, matundu ya hewa, mahali pa kutokanyaga.
Juu ya prosesa palikuwa na vidaraja vilivyokatwa,
vidogo hata nikadhani ananitania.
Akabana pumzi. Akaviunga kwa penseli,
mstari, mstari, mstari,
kila mmoja mfupi kuliko kope.
Unga wa penseli hupitisha umeme, alisema,
ni binamu yake makaa ya baba.

Mia saba, ikawaka.
Mia nane, feni ikaanza kuimbia puani.
Mia tisa, tukashikana mikono kama wajinga.
Elfu
na skrini ikawa bluu, kisha ikawa kioo tu,
ndani yake nyuso zetu mbili.

Baba aliingia na soksi bila viatu.
Miaka kumi na tisa aliendesha pampu ya maji shimoni.
Hakuuliza ni kitu gani. Aligusa chuma kwa kidole,
akakiondoa, akakirudisha.
"Mwaka ule walitaka asilimia mia na ishirini," alisema,
"tukaizungusha pampu asilimia mia na ishirini.
Haikulalamika. Chuma hakilalamiki.
Kinanyamaza, halafu hakipo,
na maji yanakujua jina."
Nikangoja aseme zime.
"Rudisha nyuma," alisema. "Si mpaka chini. Kidogo."

Mama ndiye aliyeomba kuona.
Alifuta mikono ya unga kwenye aproni,
akaleta lenzi yake kutoka kabatini,
akaiinamia prosesa kama mtu anayesoma barua ya mkopo.
Kimya. Theluji ikiingia, ikiyeyuka kwenye zulia.
"Mstari wa tatu umepinda," alisema.
"Na umemgusa jirani yake. Nani alikufundisha kuchora hivi?"
Akachukua kifutio. Akachukua penseli yake,
akainoa kwa kisu cha viazi,
na mkono ambao haukuwa umepewa kazi tangu mgodi ufungwe
haukutetemeka.

Mia tisa na hamsini, mpaka alfajiri.
Baba alilala kwenye kiti, kiganja karibu na feni.

Masika ya huko, Lyuben alihitaji nauli ya kwenda Varna.
Alifuta mistari yote, taratibu, akapuliza vumbi lake,
akaiuza pale pale sokoni.
Mnunuzi aliigeuza, akasoma mia sita,
akalipa ya mia sita,
akaitia mfukoni pamoja na sigara zake.
Nilitaka kumkimbilia, nimwambie.
Sikuwa na penseli.