Macho Makavu

Asubuhi ile niliamka nikaona milima miwili ya moto,
Nyiragongo na pacha wake, bega kwa bega,
kila mmoja na moshi wake.
Nikamwita Tuliza: njoo uone.
Akaja na mswaki mdomoni, akatazama, akasema,
Mama, mlima ni uleule. Kunywa chai.

Nakaa Birere na meza yangu ya kubadilisha pesa,
mwavuli wa kijani, mafungu ya franka
yaliyokazwa kwa mpira.
Miaka kumi na minne jicho langu lilikuwa mashine:
dola yenye mpasuko mdogo kuliko ukope
niliirudisha kabla haijagusa kiganja.
Sasa kila noti imezaa.
Ishirini inakuja na ndugu yake, kaiegemea kwa juu, kidogo upande,
kama mlevi anayesindikizwa nyumbani.
Ningekuwa tajiri wa kwanza Goma
kama benki ingepokea ninachokiona.

Daktari alinishika shingo, akaniambia nimeze mate.
Tezi, alisema. Inafanya kazi kupita kiasi.
Nikacheka: basi ni ya ukoo wetu.
Ndiyo iliyoupeleka moyo mbio nikiwa nimekaa,
iliyonikondesha mpaka mashemeji wakaanza kunihesabia siku,
iliyonitetemesha vidole juu ya pesa za watu.
Vidonge vimeituliza.
Lakini macho, alisema, yana safari yao,
pengine mwaka, pengine na nusu.
Hakuniahidi kitu.

Baseme, muuza vitenge, alinijia juu:
Kyakimwa, nimekukosea nini, mbona unanitolea macho?
Sikuyatoa, Baseme. Yametoka yenyewe.
Na mwingine alimnong'oneza jirani yake,
yule mama ana macho makavu.
Kweli anayo. Makavu kama Goma ya Julai,
vumbi jeusi likipanda kwa kila pikipiki,
kila chukudu inayoshuka na mkaa,
nami natia tone, nainua uso juu,
watu wanadhani nasali.
Siku nyingine nasali.

Walisema macho hayana pazia.
Nani aliwapa habari zangu?
Usiku kope hazikutani, zinabaki na mwanya
kama mlango wa mbao uliovimba kwa mvua.
Tuliza anakata plasta, anabandika,
la kushoto, kisha la kulia,
miaka kumi na moja, vidole vinanukia sabuni.
Anasema: haya, duka limefungwa.
Halafu gizani namsikia
akihesabu plasta zilizobaki.

Nikifumba jicho moja dunia inarudi kuwa moja,
bapa, kama picha ukutani.
Ngazi nazishuka kwa unyayo.
Chai naimimina kwa kusikiliza,
sauti ikipanda, kikombe kimejaa.
Na dola naisoma kwa kidole gumba.
Mpasuko una ulimi, unakulamba ukipita.

Jana kijana alileta mia moja,
mpya, imenyooka, haina hata kunjo.
Nilifumba yote mawili.
Nikaipapasa ukingo hadi ukingo
huku foleni ikiguna nyuma yake,
nikamrudishia.
Imechanika, nikamwambia. Hapa, usawa wa shingo ya mzee.
Akaiinua juani, akaitafuta, akaitafuta,
yeye mwenye macho yake mazima.

Jioni Tuliza anakuja kunisaidia kukunja mwavuli.
Wanakuja wawili,
mabegi mawili ya shule, viatu vinne vyenye vumbi,
nami nanyoosha mkono, nashika hewa kati yao.
Kiganja chenye jasho kinaninasa kutoka upande mwingine.
Ni huyu, Mama, anasema.
Yule mwache aende.