Sarafu za Lifti

Lifti ya jengo letu hula sarafu.
Bila tetri ishirini haibanduki,
na wewe unazihesabu ngazi, Tbilisi nzima ikikuchungulia
kwenye vioo vilivyopasuka.

Nanuli, ghorofa ya tisa,
mjane wa Guram aliyeendesha tramu zilipokuwapo tramu,
alikuwa na mkono wa birika.
Hata salamu aliipima kabla ya kuimimina.

Jioni moja ya Februari, theluji imegeuka tope,
alimkuta Eteri wa ghorofa ya saba
ameketi juu ya mfuko wa viazi, mguu umevimba,
akijifanya anasoma bili ya gesi.
Nanuli akatumbukiza sarafu. Hakusema kitu.
Lifti ikapanda ikikohoa,
harufu ya udongo kati yao,
na usiku ule akalala bila kuwasha redio,
yeye ambaye tangu msiba
alibembelezwa na sauti za watu asiowajua.

Asubuhi akajishuku.
(Haya aliniambia mwenyewe, akimenya kitunguu.)
Usingizi kwa tetri ishirini? Rahisi mno.
Pengine sitoi mimi, nanunua.
Akalikuna swali hilo hadi chai ikapoa,
kisha akapanga sarafu tano
juu ya kisanduku cha lifti,
akashuka kwa miguu, asionekane.

Ikawa desturi. Zikiisha, huongeza.
Akaanza kukesha kidogo, sikio ukutani,
lifti ikinguruma: nani huyo?
Mkunga anarudi zamu?
Yule mwanafunzi mwenye filimbi?
Nyumba iliyonyamaza miaka mitatu
ikapata mapigo.

Jumamosi moja hakukuta hata moja.
Uani, Zuriko wa miaka minane
anatafuna mbegu za alizeti, shavu limetuna,
maganda yamemzunguka, ushahidi mtupu.
Nanuli akakunja ngumi, akafungua kinywa afoke,
kikatoka kicheko,
kibovu, chenye kutu, mlango wa ghala lililosahauliwa,
cha kwanza tangu Guram.
Mtoto akashtuka. Akanyoosha kiganja:
"Zimebaki kidogo, bibi. Unataka?"

Wakala wote wawili kwenye benchi la baridi,
na Nanuli, mwenye meno manne ya kutegemea,
akatema maganda mbali
kumshinda mtoto.

Kesho yake juu ya kisanduku
nilihesabu sarafu sita.