Sekunde Arobaini

Kapuskasing, Februari. Nyuzi thelathini chini ya sifuri,
theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha
na kiwanda cha karatasi kinatoa mvuke wake
kama mtu aliyekatazwa sigara akakaidi.

Fernande Lachapelle, miaka themanini na mmoja,
anatafuta mechi.
Jumamosi ilikuwa kwenye chaneli ileile ya siku zote.
Jumanne ikahamia kwenye programu yenye nembo ya zambarau.
Leo, anasema Loïc kwa simu kutoka Sudbury,
hoki ni mali ya wauza viatu,
wale wanaoacha maboksi mlangoni,
"na nenosiri, Bibi, ni jina la paka wako
na mwaka aliokufa."

Gazeti liliandika: haki zimeuzwa.
Miaka tisa, kwa fedha zenye sifuri zilizopanga foleni.
Haki. Neno lilelile
ambalo Rosaire na wenzake walilidai miezi minne
wakiota moto wa pipa getini mwa kiwanda.
Hakujua kwamba linauzwa kwa kifurushi.
Kifurushi alichokijua yeye ni cha saa kumi na moja alfajiri:
mkate, jibini, nyama ya jana,
karatasi imekunjwa mara mbili.
Hakukuwa na cha msingi wala cha dhahabu.
Kulikuwa na cha Rosaire.

Picha imekuja. Wachezaji wanateleza, kisha wanaganda,
barafu juu ya barafu,
na kiduara kinazunguka katikati ya uwanja
kama ngamia wa kinu cha ufuta.

Halafu, kupitia ukutani: "Goliiii!"

Ni Wendell Okimaw, jirani, mwenye waya wa zamani
ambao hakuna aliyekumbuka kuja kuukata.
Kwa Fernande kisahani bado kiko katikati,
kipa bado anarekebisha kinyago,
hajui, maskini, kwamba ameshafungwa.
Sekunde arobaini.
Wendell anaishi kesho,
ukuta mmoja tu kutoka jana.

Wenye suti huko Toronto wanabashiri
kwamba kila mtazamaji atakuwa na kamera yake,
na mtangazaji wa sauti aliyoichagua mwenyewe;
kwamba wengine watanunua dakika tano za mwisho tu,
kama mtu anunuaye paja bila kuku.
Huenda. Fernande hana ugomvi nao.

Anachowaza ni paa.
Machi, mwaka ambao hata mama yake Loïc hajazaliwa,
antena imepindishwa na upepo, mechi imeingia muda wa nyongeza,
na Rosaire yuko juu, koti juu ya nguo za kulalia,
ameshika chuma kwa glavu mbili.
"Kushoto! Zaidi! Hapo! Usisogee!"
Kila alipoachia, picha ilijaa chenga.
Basi hakuachia. Dakika kumi na saba.
Bao lilipoingia alilisikia mdomoni mwa mkewe,
kupitia dirisha lililofunguliwa kiasi cha ngumi.
Alishuka nyusi zimekuwa nyeupe,
akauliza jambo moja:
"Lilikuwa zuri?"

Hakumbuki alimjibu nini.
Pengine alimwambia afunge mlango.

Zimebaki sekunde kumi, labda nane.
Mshambuliaji anavuka mstari wa buluu, gongo limeinuliwa,
na Fernande anazima.

Kioo cheusi. Ndani yake, taa ya jikoni na kichwa chake cheupe.
Anasogeza kiti mpaka bega liguse ukuta,
anagonga mara mbili kwa kijiko cha chai.

"Wendell! Lilikuwa zuri?"

Kimya. Kiti kinakwaruza upande wa pili.
Kisha sauti, karibu kuliko alivyotarajia,
kwa Kifaransa cha kuokoteza:
"Hapana, Madamu! Limegonga goti la beki!
Lakini limeingia!"