Saba Mara Nane

Ndugu zake Barke walishapatana bei kwa kilo.
Chuma chakavu, walisema, banda la kuku lenye usukani,
na kweli kuku alikuwa ameatamia kiti cha nyuma.
Barke akatia komeo mlango wa ua,
akanipigia simu: Dama, njoo na mikono yako.

Wiki ya tatu sasa, hapa Barani,
Pijo 404 ya marehemu babake
imekaa juu ya mawe manne ya matumbawe,
boneti wazi kama kinywa mbele ya mng'oa meno,
nasi, wanawake wawili wa hamsini na ushei,
leso viunoni, tunagombania spana.
Kumi na tatu, nasema.
Kumi na nne, huoni wewe.
Miwani yangu imeangukia ndani ya injini.
Na imo.

Siku ya kwanza kijiti cha oili
kilitoka na rangi ya Sabaki wakati wa mafuriko,
maziwa na udongo. Barke akakinusa,
akasema kwa sauti ileile ya babake:
maji yameingia nyumba isiyo yao.
Gasketi ya hedi, basi.
Bolti moja, bolti nyingine, kutu ya chumvi,
ile isiyobisha hodi. Mafuta ya taa, nyundo,
na matusi: yeye hutukana kwa Kigiriama
ili majirani zake wasielewe,
mimi kwa Kiswahili cha kwao
ili mama asinisikie kaburini.

Na kila tulipofungua, tulimkuta Mzee Famau.
Hapa amekaza nati kwa uzi wa wavu wa dirisha.
Hapa kipande cha kandambili kimeshika nafasi ya raba.
Chini ya kabureta, senti kumi ya tundu
imegeuzwa washa.
Barke alicheka, kisha akaacha kucheka.
Alizoea kusema babake hakuacha wasia.

Leo ilikuwa zamu ya pampu ya petroli.
Bolti mbili tu.
Ikabanduka na karatasi ngumu iliyokatwa kwa mkasi,
imekunywa oili hata imekuwa ngozi.
Nikaipangusa kwa kidole gumba.
7 × 8 = 56.
Jalada la nyuma la daftari.
Nikaigeuza. Penseli, mwandiko uliolala upande:
*ma Mwarandu. Darasa la 6. Hisa*

Viboko vinne, Barke!
Mwalimu alinichapa vinne kwa kupoteza daftari,
mama akaongeza viwili vya nyumbani.
Nililitafuta uvunguni mwa kitanda chenu,
nikatia mkono hadi begani kwenye pipa la mchele,
na babako pale barazani na kikombe chake cha kahawa
ananitazama tu, ananiambia: Litaonekana.

Miaka yote ile hesabu zangu
zilikuwa zikivuka pantoni ya Kilifi alfajiri
pamoja na wagonjwa, maharusi, magunia ya korosho.
Na mimi mwenyewe, siku naenda chuo cha uuguzi,
kiti cha mbele, nalia nikijifanya natazama mikonge,
kumbe daftari langu liko hatua moja mbele ya magoti yangu,
linazuia oili isivuje.
Nauli hakuichukua siku ile.
Nilidhani ni ukarimu.

Barke hakusema neno. Aliingia ndani,
akarudi na mkasi
na daftari la mjukuu wake, la bluu, jipya.
Muulize kwanza mwenyewe, nikamwambia.
Amelala.
Akaweka pampu juu ya jalada, akachora mzingo wake,
ulimi umetoka pembeni mwa mdomo
kama alipokuwa na miaka kumi na miwili.
Litaonekana, akasema.

Ile ya zamani nimeiweka kwenye pochi, pamoja na kitambulisho.
Inanukia. Pochi nzima inanukia.

Injini?
Iliwaka, ikapiga chafya mara mbili, ikazima.
Yeye anasema pointi. Mimi nasema taimingi.
Kesho.